Nilitia tiki "hakuna mwewe", sasa analaumiwa mlinzi

Admin, naomba uiweke hii bila jina langu wala jina la uwanja, maana huku tunajuana sana. Habari zenu wote mnaosoma. Mimi ni mama wa miaka 23, nina mtoto mmoja wa kike, ana mwaka na miezi minne. Kwetu ni Kibondo, nimeolewa Kasulu. Shule niliishia darasa la saba, mtanisamehe nikikosea kuandika. Mume wangu yuko Mpanda anatafuta maisha, naishi na mama mkwe wangu anayeuza dagaa sokoni. Huyu mama nampenda. Nilipojifungua ndiye aliyenifulia, akanipikia uji, akabeba mtoto ili mimi nilale.

Nafanya kazi kwenye uwanja mdogo wa ndege. Zamani ndege ilitua mara moja kwa mwezi, mbuzi walikuwa wengi kuliko abiria. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kuingia mwaka huu wa 2015, kuna siku zinatua hata tano, na madawa, na manesi, na wakubwa. Kampuni moja ikapewa kusimamia usalama wa uwanja, ndipo nikaajiriwa. Kila asubuhi natembea njia nzima ya kurukia, mtoto mgongoni, naangalia mashimo, uzio, mbuzi, mwewe na kunguru. Kisha natia tiki kwenye fomu, nasaini, na bosi anawaambia marubani kwenye redio kwamba pako salama. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, hii fomu ikisema pasafi, rubani anashuka bila wasiwasi. Huku chini hana macho mengine zaidi ya yako."

Mwezi uliopita mvua ikalowesha magunia manne ya mama mkwe njiani kutoka Kigoma. Dagaa zikilowa, usipozianika upya zinaoza. Uani kwetu ni tope tupu. Akaniambia, "Mwanangu, kule mwisho wa uwanja wenu changarawe inakauka haraka, jua likitoka kidogo tu inawaka kama kikaango. Siku moja tu." Ningemkatalia vipi? Nikalegeza waya wa uzio, akapita na maturubai yake.

Siku moja ikawa wiki mbili. Tulikuwa tunazikusanya kabla ndege haijatua, halafu ndio natia tiki kwamba njia ni safi. Nikajiona sidanganyi, kwa sababu saa ile kweli dagaa hazipo. Sikufikiria kwamba harufu haikusanywi. Mwewe wakaja wawili, wakawa kumi, baadaye nikaacha kuwahesabu. Na palipoandikwa mwewe nikawa naandika "hakuna", kwa sababu ningeandika wapo, bosi angeuliza wamefuata nini.

Mlinzi wetu, nimwite Mzee Sabuni, alituona. Familia yake ilitoka Burundi miaka mingi iliyopita, ila cheti cha uraia amekipata juzi juzi, anatembea nacho kwenye mfuko wa nailoni. Yeye alikuwa ananisalimia kwa Kirundi na kunitania tu. "Mwakeye, mama dagaa! Leo umewaalika mwewe wangapi chai?" Mimi nacheka.

Alhamisi iliyopita asubuhi ndege ilikuwa inashuka, mwewe wakainuka wote kwa pamoja. Nilisikia kishindo kama gunia limetupwa kutoka juu ya lori. Ndege ikalala upande. Mtoto alikuwa analia mgongoni, akanyamaza ghafla. Ikajiinua, ikatua. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka, damu na manyoya. Rubani alishuka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, asubuhi uliwaona?"

Nikasema, "Hapana kaka, hawakuwepo."

Bosi aliisoma fomu yangu mara mbili, akapumua. "Fomu yetu iko sawa. Wakaguzi wanatoka Dar, wanafika Ijumaa ya wiki ijayo. Tutasema mlinzi aliacha uzio wazi, watu wakaingia kutupa uchafu. Na wewe usiandike mwewe hata mmoja mpaka wakaguzi waondoke, umenielewa?" Mzee Sabuni akasimamishwa palepale, akaambiwa polisi watamhoji. Nilimfuata kwake nimwombe msamaha. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nyamaza, mama. Una mtoto mgongoni." Hajanitaja mimi wala mama mkwe. Alikuwa ameushika tu ule mfuko wake wa nailoni, kwa mikono miwili.

Nikamwambia mama mkwe nataka kusema ukweli. Akaacha kuchambua dagaa. "Sema! Watuweke ndani wote wawili. Huyu mtoto atalelewa na redio?" Halafu akalia. Sijawahi kumwona analia.

Jamani, dagaa hatuaniki tena pale, na waya nimeufunga kwa mikono yangu. Lakini mwewe hawajui hilo. Wanakaa kwenye nguzo za uzio, kila nguzo na wake, kimya, wanaangalia palepale chini. Jana nilipokuwa natembea wakawa wananifuata, nguzo hadi nguzo. Nadhani ni kanga niliyombebea mtoto, inanuka dagaa. Nimeifua mara tatu.

Na ndege ya kesho inabeba akina mama wawili wa kambini na watoto wao wagonjwa, wanapelekwa hospitali kubwa. Mtoto mmoja nimeambiwa analingana na wangu.

Kuna wakati najipa moyo kwamba wakaguzi nao ni wazazi, nikisema watanielewa, mwewe watafukuzwa, Mzee atarudi getini kwake anitanie tena. Halafu namwangalia mwanangu amelala, nguvu zinaniisha.

Leo ni Jumanne. Kesho saa moja asubuhi bosi atanipa fomu na kalamu, mwewe wakiwa juu ya nguzo, na rubani atakuwa anangoja neno langu. Mnaotaka kunitukana mtanitukana baadaye, sitajibu. Kwanza niambieni, ndugu zangu, pale palipoandikwa mwewe niandike nini?