Nilimwacha Kaka Yangu Akivuja Damu, Nikamtanguliza Mke wa Mfugaji

Admin, naomba unifichie jina, na hospitali usiitaje, maana huku kwetu tunajuana wote.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Marambo, Nachingwea. Ni muuguzi wa kitengo cha dharura. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na aliyenisomesha mpaka nikavaa sare hii ni kaka yangu mkubwa, nimwite Saidi. Aliacha shule yeye akashika jembe. Natanguliza hilo ili mjue ni mtu gani ninayemzungumzia hapa.

Siku hiyo nilikuwa ndiyo nimemaliza kuswali adhuhuri, pikapu ikaingia inapiga honi mfululizo. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye ufuta wa kaka upande wa Malolo, ufuta ambao ulishakatwa na kufungwa mafungu ukauke. Kaka kwa hasira akamkata ng'ombe mmoja miguu kwa panga. Mwenye ng'ombe, mfugaji aliyehamia huku kutoka kanda ya ziwa, akamrukia na sime. Watu walipofika, wakamkamata mfugaji palepale. Kwenye pikapu walikuwemo kaka na mkewe, pamoja na mke wa huyo mfugaji.

Kaka mkono wa kulia ulikuwa umepasuliwa mpaka mfupa unaonekana. Damu ilijaa kifuani, ikalowanisha hata viatu. "Mdogo wangu, nakufa huku unaniona!" Nikambana kidonda, nikamfunga kwa nguvu, damu ikapungua.

Yule mama nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, amejifunika kitenge mpaka shingoni. Akaniambia taratibu, "Mhudumie huyo kwanza, nesi. Mimi ni tumbo tu." Nikamshika mkono, wa baridi. Mapigo yalikuwa yanakimbia na huyapati vizuri. Presha imeshuka, tumbo limekaza kama ubao.

Jamani, kwetu mgonjwa hapangwi kwa kelele wala kwa ukoo. Anayepiga kelele bado ana pumzi. Unaangalia anavyopumua, unapima mapigo, unagusa ngozi, ndipo unampa rangi. Nyekundu ni yule asiyeweza kusubiri, njano anasubiri kidogo, kijani anakaa kwenye benchi. Siku hiyo daktari wa upasuaji alikuwa mmoja na chumba kimoja. Yule mama alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani. Nikampa nyekundu. Kaka yangu wa tumbo moja nikampa njano.

Kaka aliona. Akanidaka kola kwa mkono wake mzima, akanivuta mpaka pua zetu zikagusana. "Huyo nimempiga mimi! Nimempiga kwa mpini wa shoka, makusudi, mume wake naye aone uchungu. Mwache afe!" Kisha akakipiga teke kitanda cha magurudumu nilichomlaza yule mama, ambaye alikuwa ameshazimia, nusura aanguke chini. Wifi yangu akanitandika kibao, nikajigonga kwenye kabati, mdomo ukapasuka. Mlinzi alipofika nikasukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji, damu yangu inadondokea kile kitenge.

Bandama ilikuwa imepasuka. Wakaitoa, akapona.

Kaka aliingia baada yake. Mkono haukukatwa, ila vidole havikunji tena. Hawezi kushika jembe wala panga la kupalilia mikorosho. Labda angetangulia vingepona. Labda. Daktari ananiambia nisijiulize hivyo, ila mimi ndiye ninayemuona kaka akilishwa na mkewe kama mtoto.

Sasa shida yenyewe ni hii. Mfugaji yuko mahabusu kwa kumkata kaka, na sipingi, alimkata. Lakini kuhusu yule mama, kaka ameandikisha polisi kwamba alikanyagwa na ng'ombe. Yule mama mwenyewe hakumuona aliyempiga, alikuwa ameinama kumuinua mumewe aliyeanguka kifudifudi kwenye ugomvi. Waliosikia maneno ya kaka siku ile ni wawili tu, mimi na wifi. Mpelelezi anakuja Ijumaa kuchukua maelezo yangu.

Nilienda nyumbani kumuuliza mama. Hakunikaribisha hata mkeka. Wifi ndiye alianza: "Mkono umeshamchukulia, sasa unataka umpeleke na jela?" Mama akasema, "Aliyekulea ni Saidi, si mimi. Ukifungua mdomo huko polisi, siku nikifa usije kunizika." Kaka alikuwa pale barazani. Hakuniangalia.

Na yule mama siku ya kuruhusiwa alinifuata, akanishika mikono yote miwili. "Mungu akulinde, mwanangu." Anakwenda kukaa kwa ndugu zake Nkowe, ana watoto wanne na mume yuko ndani. Hakuniuliza nani alimpiga. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu, na hakuuliza.

Ndugu zangu, siku ile kuamua ilinichukua dakika mbili, vipimo vilikuwa mkononi. Hili la sasa lina wiki ya pili, silali wala sili. Nikinyamaza, nimemsaliti mtu niliyemvusha kifo. Nikisema, nimemfunga aliyenilea na mama nimempoteza. Ijumaa hiyo hapo. Wewe ungekaa mbele ya huyo askari ungemwambia nini? Semeni nami kama dada yenu, hata kwa ukali, nitasoma komenti zote.