Nilivyojifunza maboya ya baharini nikiwa ndani ya toroli, Tunduma

Wakuu, habari za majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni kijana wa kata ya Mpemba, hapa Tunduma. Huku tunajua malori, bahari tunaiona kwenye simu. Nikaitwa Tanga kwenye majaribio ya msaidizi wa nahodha. Ukikosea njia ya maboya, unarudi nyumbani.

Nikajisomea kwa video. Ukiingia bandarini kutoka baharini, boya jekundu linakuwa kushoto, la kijani kulia. Basi.

Ila mimi nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe perfect. Nikawa nashindwa hata kula.

Baba, dereva wa lori mstaafu, akanionea huruma. Akabeba ndoo za mama, nyekundu na za kijani, akazipanga mistari miwili uani. Geti likawa bahari, jiko likawa bandari. Mimi nikakaa kwenye toroli, miguu inaning'inia, yeye anasukuma huku anapiga honi kwa mdomo. Majirani walicheka sana.

Tukifika jikoni anageuza kurudi getini. Hapo mimi nashika simu.

"Kapteni, angalia mbele!"

"Baba, hii ya kurudi haihesabiki."

"Nani kakudanganya? Dereva akirudi empty akasinzia, anaamkia mtaroni."

Nikampuuza.

Siku ya majaribio, boti ikaanzia gatini. Yaani tunatoka! Mimi nilikuwa nimekariri kuingia tu.

Nahodha akauliza, "Jekundu upande gani?"

Kichwa kikagoma. Mguu ndio ukakumbuka. Ile ndoo nyekundu iliyopasuka mdomo ilikuwa inanikwaruza mguu wa kulia kila tunaporudi getini.

"Kulia! Tunatoka, jekundu kulia!"

Akatikisa kichwa kukubali, tukaendelea.

Nikampigia baba. "Nimepita."

"Wamekupima kwenda au kurudi?"

"Kurudi, baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Mama akadakia kwa nyuma, "Mwambie aje na ndoo mpya!"

Nilichojifunza: nilihesabu mazoezi niliyoyapanga mimi tu. Yaliyoniokoa ni yale mzee wangu aliyokuwa anasukuma peke yake, mimi nachezea simu.

Mabaharia na madereva wa humu, nyie nani aliwasukuma? Na kama nimekosea kitu kuhusu maboya, nisahihisheni taratibu, hali yangu mmeshaijua.