Kisigino cha Kulia

Jumatano, tarehe nane Julai. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne, kisha likatoka jua lisilo na joto.

Leo ilikuwa miadi ya binti yetu hospitali. Ana miaka minne, na mguu wa kulia anaukanyagia vidole. Kisigino hakigusi chini. Wiki sita zilizopita dada wa mazoezi pale alitueleza kwamba msuli wa nyuma umekaza na wa mbele ni dhaifu, kwa hiyo wa nyuma unashinda. Hakuna haja ya kumpasua, alisema. Tumnyooshe asubuhi na jioni: goti linyooke, unyayo usukumwe taratibu kuelekea juu, tuhesabu thelathini. Usiku avae kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo. Tukirudi kisigino bado kinaelea, atafungwa plasta ngumu, kama aliyevunjika, kwa wiki kadhaa. Mtoto mwenyewe hata soksi hataki.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nisimsingizie mtu. Mama mkwe alikuja kutoka Maposeni kutusaidia, maana mke wangu yuko sokoni tangu asubuhi, na mimi nashinda barazani na cherehani. Kwetu mtu haketi chumba kimoja na mkwe. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mke. Basi nikasimama nje ya mlango wa jiko, nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika, "Mwambie mama, hospitali wamesema mtoto anyooshwe kutwa mara mbili, hata akilia."

Mama mkwe akajibu kutoka ndani, "Muulize mwenzako, mtoto wa miaka minne amekosa nini cha kunyooshwa?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu alikuwa na haki. Binti akimwaga uji ni mimi ninayemwambia, "Nitakunyoosha wewe." Kwa hiyo nilipomwita tunyooshe mguu alijua anachokijua, akaingia chini ya kitanda. Siku tatu nilimtoa kwa kumvuta. Alilia na kukaza mguu mzima, nami nikahesabu thelathini haraka haraka ili yaishe. Naandika hili kwa aibu. Sijui baba mwingine angefanyaje.

Siku ya nne mama mkwe alimwambia mke wangu, "Mwambie aniachie. Mimi nitamkanda. Wewe na wadogo zako nimewakanda wote, hakuna aliyekimbilia uvunguni."

Lakini namna ya kusukuma unyayo ilibidi aione. Nikamlaza mke wangu kwenye mkeka barazani, mlango wazi, mama mkwe akatazama kutoka ndani. Nilishika mguu wa mke wangu kama nilivyofundishwa. Akacheka mpaka goti likakunjika.

"Tulia, mgonjwa," nikamwambia.

"Huyo nilimzaa mzima," sauti ikatoka ndani. "Kama ameharibika, ameharibikia kwako."

Tangu hapo ikawa maji ya uvuguvugu, mafuta, kukandwa, halafu unyayo. Alihesabu kwa Kingoni, polepole, thelathini yake karibu hamsini yangu, na binti akajifunza kuhesabu naye. Lazima niseme pia kwamba usiku mwingine alimvua kile kifaa, eti mtoto halali na buti kama askari. Nilijua, nikaona tabu kupeleka neno kama hilo kwa mkwe. Kwa hiyo hapo tugawane lawama.

Leo dada wa mazoezi alimsimamisha binti ukutani, akajaribu kupitisha karatasi chini ya kisigino. Karatasi ikakwama. Akajaribu tena, ikakwama. Alipomkimbiza koridoni kisigino bado kiliinuka, hilo nalo niliandike. Akasema plasta tuiweke pembeni kwanza, turudi baada ya miezi miwili.

"Nani anamnyoosha?" akauliza.

Nilitamani kusema sisi. Nikasema, "Bibi yake."

Binti akajilaza mwenyewe kitandani, akatoa mguu. "Nikande," akamwambia.

Dada akacheka. "Mwambieni bibi aendelee. Ila kifaa kila usiku, baba, bila kuruka hata mmoja. Hilo umwambie wewe."

Njia nzima niliyapanga maneno. Jioni nikasimama mlangoni. "Mwambie mama kisigino kimeshuka, plasta hakuna. Dada amemshukuru. Ila kifaa kisivuliwe usiku. Ningesema mapema, niliogopa."

Mama mkwe akajibu kutoka ndani, "Mwambie nimesikia. Nitamfunga mwenyewe. Na aje achukue chakula kabla hakijapoa."

Tulikula ugali wa dona, maharage mapya na dagaa wa Nyasa, mimi barazani, wao jikoni. Mke wangu anasema binti alikula amechuchumaa, nyayo zote mbili bapa chini, akaomba kuongezewa dagaa.