Faini ya Bibi Somoe

Enzi zetu pale Chuno, mtoto aliyeonekana ndani jioni ama anaumwa ama amefungiwa. Wengine wote walikuwa nje wakicheza rede na kombolela mpaka mama zao waanze kuita jina moja moja. Mimi nami nilikuwa nje, lakini kibarazani, juu ya mkeka. Sijawahi kuona tangu nizaliwe, kwa hiyo utoto wangu naukumbuka kwa pua, masikio na vidole: moshi wa korosho zinazochomwa, ule unaowasha koo, mabibo yaliyoiva kupita kiasi, ming'oko ya moto, vile viazi vya porini, inayoachia ganda lake mkononi, na honi ya meli kutoka bandarini, alikofanya kazi baba.

Wenzangu hawakuwa wabaya. Mara nyingine walinishika mkono wakaniingiza mchezoni, ila kwa masharti yao: nikipigwa na mpira sitoki, nikibaki wa mwisho sihesabiwi. Niwaambie ukweli, hakuna mchezo unaochosha kama ule ambao huwezi kushinda wala kushindwa.

Mama ndiye aliyenihurumia kuliko wote. Alinilisha kwa mkono wake mpaka nikawa msichana mkubwa, akanifunga viatu, akanipimia maji ya kuoga kwa kiwiko kana kwamba bado ni mchanga. Nikigusa mwiko, "Acha mwanangu, utaungua." Nikishuka ngazi, "Kaa hapo, utaanguka." Maneno hayo niliyajua kabla ya kujua kusali.

Basi akafariki mzee jirani yetu, Mngoni mwenzetu. Wakati ule msiba ulikuwa wa mtaa mzima. Wasichana wa kila nyumba walikwenda wenyewe nyuma kule, kuosha masufuria, kumenya mihogo na kuchambua mchele. Mama akanikalisha kwenye mkeka pamoja na bibi vikongwe. Nilikuwa nawasikia wenzangu wakigonganisha vyombo na kucheka kwa kujibana, kama watu wanavyocheka msibani, na nilitamani kuwa huko kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote.

Wangoni na Wayao ni watani, na watani wakawa wamefika. Bibi Somoe, Myao wa mtaa wa pili, mwanamke mkali wa ugoro na maneno, aliingia amevaa koti la marehemu, akakohoa kikohozi cha marehemu, akadai chai kwa sauti ya marehemu. Hata mjane alicheka huku analia. Kisha nikasikia koti limesimama mbele yangu.

"Na huyu Mngoni mbona kakaa kama mkwe?" akasema. "Macho hana, haya, tumesikia. Na mikono je, nayo kaiazimisha?"

Mimi sikuona uchungu hata kidogo. Maisha yangu yote nilikuwa sijataniwa. Watani waliwaita ndugu zangu walafi na wapumbavu, lakini wakifika kwangu walisema pole mama, wakapita. Leo mtu ananiita mvivu mbele ya kadamnasi! Siku ile ndipo nilipojisikia Mngoni kamili.

Mama akasahau mila. Alisimama akamfokea, akamwambia amwache mwanawe, akaongeza na neno ambalo halitamkwi msibani. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mtani hakasirikiwi. Ukikasirika unatozwa faini, na anayeitaja ni yule uliyemkasirikia. Hasira zilipomshuka, mama mwenyewe akatoa ahadi ya jogoo.

Bibi Somoe akavuta ugoro wake kwanza. "Jogoo sitaki, nimechoka kukimbizana na kuku. Faini yangu ni huyu mtoto. Anakuja kwangu mpaka shule zifunguliwe."

Mama akamwomba baba aseme kitu. Baba akasema, kwa sauti ya chini, kwamba faini ya mtani hailipwi nusu.

Sitadanganya kwamba Bibi Somoe alikuwa na nia ya kunifundisha maisha. Alitaka mtu wa kumbangulia korosho. Alinipaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasinichubue, akanipa jiwe, akanikalisha, na kila nikivunja korosho vibaya alinicheka. Nilijifunza kuijua nzima na iliyopasuka kwa vidole. Nilijifunza kuukaribia moto kwa kusikiliza joto lake usoni, kusonga ugali, kufua nguo zangu, kwenda gengeni peke yangu nikifuata ukingo wa mfereji kwa fimbo. Nikipotea, alimwuliza kila mpita njia kama ameona Mngoni wake anaranda. Shule zilipofunguliwa nilirudi nyumbani nikaingia jikoni, na mama hakusema utaungua. Msiba uliofuata, alinisukuma begani taratibu akasema, "Nenda, wenzako wako nyuma." Hata baadaye nilipopelekwa bweni la mbali, kusoma maandishi ya nukta nundu, nilikwenda nikiwa msichana anayeweza kufua na kula mwenyewe.

Siku hizi nina ua wangu hapa hapa Chuno. Wanakuja vijana wenye ulemavu wa kila namna, tunapika, tunakwenda sokoni, tunahudhuria mkutano wa mtaa na kunyoosha mkono kama watu wengine. Nawapenda sana. Simu zao zinawasomea ujumbe na kuwatajia hata rangi ya gauni. Ukimwambia mmoja amenye muhogo, anauliza kama kuna video yake. Majengo yana njia za viti vya magurudumu, na watu wamejifunza kutuita kwa heshima. Nashukuru kwa yote. Ila msibani sasa wanapika wapishi wa kukodi, utani umepoa, kila mtu anaogopa kukosea. Mzazi akimfungia mwanawe ndani, hakuna tena wa kumtoza.

Kuna binti anaitwa Rehema, anatumia kiti cha magurudumu. Mama yake alimleta, lakini hakuondoka. Kila siku alikaa mlangoni, na binti akishika kisu tu, mama ameshafika. Juzi nikamkaribisha chai nikamsimulia habari za faini yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa.

"Na mama yako hakuja kukuchukua?"

Nikamwambia alikuja. Jioni moja ya mwanzoni, nimeungua kidole, Bibi Somoe ananicheka na mimi namcheka yeye, nikasikia kandambili za mama zikisimama nje ya uzio. Nilizijua. Zilisimama muda mrefu. Kisha zikageuka, zikarudi nyumbani polepole. Bibi Somoe namshukuru kila nikiwasha moto, lakini mama namshukuru zaidi, maana yeye angeweza kuingia.

Mama Rehema alimaliza chai yake. Halafu akajifunga mtandio, akaniuliza jioni amfuate Rehema saa ngapi.