Mchora Mabango wa Upepo

Je, wewe ungekubali kulipamba jina la kitu kilichomfukuza mkeo nyumbani? Eleuterio Videla amelipamba miaka thelathini. Ndiye mchora mabango wa mtaa wetu hapa San Juan, na jina lenyewe ni Zonda, upepo wa moto unaoteremka kutoka milima ya Andes. Kila mtu analitaka: duka la mikate, gereji ya matairi, dawa ya mende, hata klabu ya mpira ambayo haijachukua kombe tangu nizaliwe. Upepo wenyewe hakuna anayeutaka. Ukivuma tunaziba milango kwa matambara ya maji na kugombana ovyo.

Nélida, mkewe, kila ulipovuma aliumwa kichwa hadi akashindwa kusimama. Mwaka juzi alihamia kwa dada yake, mjini Rosario. Kila Jumapili humwambia mumewe kwenye simu, "Njoo." Naye hujibu kwamba kazi zimembana. Kisha huandaa sahani mbili mezani. Nimeziona kwa macho yangu.

Jumatatu moja ya Agosti alikuwa akiandika jina lilelile ubavuni mwa basi la dereva Chacón, liendalo Rosario. Sikuweza kunyamaza.

"Mzee, huoni aibu? Basi linakwenda aliko mkeo, wewe unalipaka rangi tu!"

"Dogo, chuo kimekufundisha kelele." Hakugeuka. "Huko nani ananijua? Hapa kila ukuta ni kazi ya mkono wangu."

"Kuta zinakuuliza umelalaje?"

Chacón alicheka kutoka chini ya basi. "Mwache bwana. Anaogopa shemeji ameshapata mwanamume mwenye nywele."

"Nyamaza wewe! Mkeo kila siku anaomba upepo ukubebe."

Tulicheka. Mzee akaacha kucheka kabla yetu, brashi ikidondosha rangi nyekundu kwenye kiatu chake.

"Jana hakuniambia njoo," akasema. "Aliniuliza habari za hali ya hewa, akaaga."

Akafunika makopo yake, akaenda zake.

Asubuhi yake nilimkuta kituoni amevaa koti la harusi lililombana mabegani, kisanduku cha brashi mkononi. Basi lilikuwa linanguruma.

"Eleuterio, umeniachia ZOND!" Chacón alifoka. "Herufi ya mwisho iko wapi?"

"Nitaiandika Rosario. Sogea nipite."

Akapanda, akakaa dirishani, kisanduku mapajani. Basi likaondoka.