Ndoo Nane za Kuoshea Gari

Kijitabu cha dhamana nilikisoma mimi, kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa, aanze na mimi. Kilikuwa cha Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na mume wangu alinikabidhi siku ileile tuliyokwenda Mtwara kulichukua gari. "Mwalimu, hii ni kazi yako," akasema. Miaka yote ya ndoa yetu ananiita Mwalimu, na tukikasirikiana ndiyo analitamka vizuri zaidi. Nikakipekua njiani tukirudi Masasi, huku nimejaa furaha ya kijinga ya mstaafu ambaye kiinua mgongo chake chote kimegeuka kuwa pikapu mpya yenye nailoni kwenye viti.

Tulipofika nyumbani, pale Mkomaindo, akataka nimweleze kilichoandikwa. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, kidole juu. "Miaka mitatu, kikiharibika kitu watatengeneza wao. Lakini ukigusa gari, ukiongeza kitu au ukipunguza, dhamana imekufa."

Hiyo ndiyo tafsiri niliyompa. Miaka thelathini nimewapigia kelele watoto wa watu wasome swali mpaka mwisho kabla ya kujibu. Mimi sentensi ile niliisoma nusu.

Kazi ya gari ilikuwa maji. Mume wangu ni wa Mnyambe, huko juu Newala, ambako ardhi inazaa korosho na muhogo bila kinyongo lakini haina tone la maji. Alikuwa anajaza tangi la plastiki Kitangari, analipandisha kwenye mchanga ule mwekundu, anagawa vijijini, na safari ya mwisho ya wiki ilikuwa lazima iishie uani kwa mama yake. Tangi likijaa, gari lilikuwa linakaa matako chini na pua juu. Nilimwambia apunguze maji. Yeye akaenda kwa fundi mmoja hapo Masasi, akarudi jioni gari limesimama wima kama askari.

"Umefanya nini?"

"Nimeongeza majani ya springi, vile vyuma bapa vya nyuma. Mawili kila upande. Tazama linavyokaa."

Nilimtazama yeye badala ya gari. Siku tatu sikumpikia chai. Nilimwambia ameua dhamana kwa mikono yake, amezika jasho langu lote ili gari lionekane refu. Yeye alisema tu kwamba gari lisilobeba maji Mnyambe ni pambo la sebuleni.

Ikapita miezi, mwaka ukageuka, nami nikaanza kusahau. Halafu Oktoba, katikati ya msimu wa korosho, jua linachoma mpaka kuku wanatembea kwa kunyata, gari likafika uani kwa mama mkwe, likakohoa, likazima. Halikuwaka tena. Fundi wetu wa Masasi akapanda kwa pikipiki, akasikiliza, akafungua boneti, akaifunga taratibu kama anayefunika maiti.

"Ni pampu ya dizeli," alisema. "Za magari haya mapya hazifunguliwi huku kwetu, na kununua mpya msijaribu hata kuuliza. Mnayo dhamana?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama springi.

Tulipopiga simu kwa wakala aliyetuuzia, walisema tusilifungue wala tusilivute. Mkaguzi wao angekuja Alhamisi kulitazama palepale lilipo. Akikubali, wangeleta pampu mpya na kuifunga bila sisi kutoa kitu. Akikataa, gari langu lingebaki pale uani mpaka liwe banda la kuku. Hakukuwa na njia ya tatu, na wote wawili tulilijua hilo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu huwa wanakosea wakihadithiwa. Wanadhani mume wangu ndiye aliyetaka kudanganya, kwa kuwa ndiye aliyeongeza springi. Sivyo. Mume wangu alitaka kusema.

"Tumwambie tu," alisema. "Mtu mzima akiulizwa, anasema. Akikataa amekataa."

"Umwambie nini? Kwamba tumeliua wenyewe?"

"Springi iko nyuma, Mwalimu. Pampu iko mbele."

"Kitabu nilisoma mimi au ulisoma wewe?"

Ninaijua sauti yangu ile. Imewanyamazisha walimu wakuu.

Jumatano fundi akarudi na jeki, nimemwita mimi. Akayatoa yale majani manne ya springi, akarudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, au karibu. Bolti fupi za mwanzo tulikuwa tumeshazipoteza, kwa hiyo akafunga zilezile ndefu. Nilimuuliza kama zitaonekana. Akasema chini ya gari la Mnyambe kuna vumbi la kuotesha karanga, nani ataziona bolti? Majani yale tuliyafunga kwenye gunia, nikayasukuma chini ya kitanda cha mama mkwe. Yeye nikamwambia ni vyuma vya thamani, visije vikaibwa. Aliniamini, kwa nini asiniamini? Mimi ndiye mkwe msomi, niliyelelewa kwenye nyumba ya mtumishi wa kanisa, niliyekuwa namsomea barua zake zote.

Tukaondoka kumsindikiza fundi barabarani. Hatukukaa hata saa nzima. Tuliporudi tukakuta ndoo tupu zimepangwa ukutani, mchanga wa uani umelowa mpaka umekuwa tope, na chini ya gari imetokeza miguu miwili myembamba yenye magaga.

"Mama!" mume wangu alipiga kelele.

Mama mkwe akatoka kinyumenyume, ufagio mkononi, kanga imelowa chapachapa, anacheka. Alikuwa ametusikia tukisema kwamba mkaguzi atalala chini ya gari. Basi yeye akafikiri shati la mgeni litakavyokuwa. Alikuwa ameingia mwenyewe kulisugua gari kwa chini, chuma kwa chuma, kwa maji ya kisima chake.

Kisima chenyewe ni shimo la saruji linalovuna mvua kutoka kwenye bati. Oktoba kinakuwa na maji ya kuhesabu kwa kata. Kule watu wananawa uso kwa maji ya kikombe, na yale yanayobaki yanakwenda kwenye mche wa mpapai.

"Mama, umetumia ngapi?"

"Nane."

"Ndoo nane! Oktoba hii! Na gari la maji lenyewe ndilo limekufa!"

Nilimfokea. Ninaona aibu kuliandika hili, lakini nilimfokea mwanamke mwenye umri wa mama yangu mbele ya mwanawe. Yeye akakunja kanga yake, akaikamua juu ya mche wa mpapai.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Atoke kwetu amechafuka, mwanangu? Atasema tumemlaza kwenye uchafu."

Nilikasirikia maji tu. Hasira ilinijaa kichwani, sikuwaza kitu kingine chochote.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne asubuhi, kijana mpole, shati jeupe la mikono mirefu lenye nembo kifuani. Alimwamkia mama mkwe kwanza, "Shikamoo, bibi," kwa kuinama kabisa, akaitikiwa, akaletewa kiti na karanga. Mimi nilimwona ni mtoto aliyelelewa vizuri na nikazidi kuogopa. Mtu mkali unaweza kugombana naye.

Alianza na fomu. Maswali yalikuwa machache, na la mwisho liliuliza kama gari limewahi kuongezwa, kupunguzwa au kubadilishwa kifaa chochote baada ya kununuliwa. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia anapumua.

Nikaandika *Hapana*. Nikasaini kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Kijana akaipiga picha fomu kwa simu, akaituma ofisini kwao palepale, akavua saa yake, akatandika turubai lake na kuingia chini ya gari.

Alikaa kule muda mrefu. Aligonga kitu, akawasha tochi ingawa jua lilikuwa kali. Mama mkwe alikaa mlangoni anabangua karanga, uso umechangamka, anasubiri asifiwe. Mume wangu hakunitazama hata mara moja.

Kijana alipotoka, alisimama, akajikung'uta kifuani kwa mazoea. Halafu akausogeza mkono wake mbele ya macho, akautazama. Akavuta shati lake kwa mbele, akalitazama pia.

"Kila nikilala chini ya gari huku juu," alisema taratibu, "natoka mwekundu kama nimefukuliwa. Leo nimetoka kama nilivyoingia."

Akazigeukia ndoo tupu zilizopangwa ukutani.

"Nimepita Kitangari asubuhi hii. Nimeona foleni ya ndoo." Akanigeukia mimi. "Mama, nani huku anaosha gari kwa chini?"

"Tulitaka liwe safi," nilisema.

"Vumbi lingekuwepo nisingekwenda nyuma kabisa. Nilikuja kwa ajili ya pampu. Lakini nimejiuliza wameosha nini." Akaonyesha kwa tochi. "Bolti hizi ni ndefu kwa vidole viwili. Zilikuwa zimeshika kitu kinene. Mmetoa nini hapa?"

"Hakuna kilichotolewa."

Nilisema hivyo. Nilikuwa nimeshashikwa, kila mtu pale uani ameshaona isipokuwa mama mkwe, na bado nilisema. Nimewashika watoto wangapi na karatasi ndani ya soksi, wakanitazama machoni wakasema si yangu? Nilikuwa nawashangaa. Siku ile sikuwashangaa tena.

Mume wangu ndiye aliyeingia ndani. Akatoka na gunia, akalitua miguuni pa kijana, vyuma vikalia. "Nilifunga mimi," alisema. "Mawili kila upande. Kwa ajili ya maji."

Mkaguzi alichuchumaa, akayapapasa yale majani. Alipoinuka alinitazama mimi, wala hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwalimu," alisema, maana alishasikia wanavyoniita, "pampu yenu imekufa kwa ubovu wake. Nimeiona. Springi na pampu havikutani popote. Ningeandika kwamba springi za nyuma hazina dhamana tena, basi. Pampu mngeletewa."

"Kitabu kinasema ukibadilisha chochote..."

"Kinasema dhamana haitahusu sehemu iliyoharibiwa na mabadiliko hayo. Ni sentensi moja."

Nikamwomba anipe fomu nyingine. Akasema ile imeshafika ofisini, na mimi nilimwona akiituma. Akasema ataandika alichokiona, kibaya na kizuri, na kwamba mzee amesema mwenyewe. Zaidi ya hapo hana uwezo. Kisha akaaga kwa adabu zilezile, na mama mkwe akamfungia karanga kwenye karatasi.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwenye simu yangu, nikiwa kwenye foleni ya dawa hospitalini. Walikataa. Walitaja taarifa isiyo ya kweli na vifaa vilivyoondolewa kabla ya ukaguzi. Pampu yenyewe hawakuizungumzia hata kidogo. Nilisoma ujumbe ule mpaka mwisho, mara tatu, kila neno. Niliporudi nyumbani nikampa simu mume wangu, nikasubiri aseme niliyostahili kuambiwa. Aliisoma, akaiweka mezani, akaniuliza kama dawa nimepata. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Wiki iliyofuata tulipanda Mnyambe kwa usafiri wa watu. Gari lilikuwa palepale, limeshaanza kuwa jekundu. Kwenye nyumba ya barabarani wanakouza maji nilinunua ndoo nane, na nikasema nitazibeba mwenyewe, moja moja, kichwani. Mume wangu akataka kunisaidia, nikamkatalia. Ni umbali wa kama viwanja viwili vya mpira, kwenye mchanga, na mimi magoti yangu si ya kujivunia. Kufikia ndoo ya tano nilikuwa nimelowa kuliko mama mkwe siku ile.

Yeye alisimama pembeni ya kisima, akishangaa kila nilipomimina.

"Mwanangu, kwani kuna nini?"

"Ni maji yako, mama. Uliyooshea gari."

Akanitazama, akaligeukia gari.

"Wamekataa?"

"Wamekataa, mama."

Akafunika kisima, akaketi juu ya kifuniko, akajipangusa mikono kwenye kanga. Niliona kwamba anatafuta kosa liko wapi, na analitafuta kwake.

"Lakini lilikuwa safi," alisema. "Au nilibakiza mahali?"

Mume wangu aligeukia pembeni. Mimi bado nilikuwa na ndoo tupu mkononi.

"Lilikuwa safi, mama. Hata mkaguzi alisema."

Akatikisa kichwa, akaridhika. "Basi akija tena," alisema, "tutaliosha tena."

"Ndiyo, mama," nikamjibu, nikaenda kuchukua ndoo ya nane.