Alama Tano za Chamazi

Siku niliyokwenda kuomba kazi nilivaa tai. Mradi wa utafiti ulikuwa umepanga nyumba Kawe, sebule ndiyo ofisi, na wote niliowakuta wamevaa kandambili. Msimamizi wa Vipimo, mama mwenye ulimi mkali, alinitazama juu mpaka chini.

"Kijana, umekuja kazini au kuposa?"

"Kazini, mama."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Unaweza kukaa ndani kutwa bila kutafuta sababu ya kutoka?"

Ni swali pekee la usaili nililowahi kulijibu bila kufikiri. Mie sherehe za watu hunichosha kabla sijafika. Nikaajiriwa.

Nyie mnaopiga simu za video huku mnakula chipsi, ngojeni niwaeleze. Sauti ikipita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo, tunaviita pakiti. Zipo zinazochelewa, zipo zinazofika zikiyumba, zipo zinazopotea jumla. Ubora wa huduma ni utaratibu wa kuamua, njia ikijaa, nani apite kwanza: sauti ya mtu anayeongea sasa hivi, au filamu inayoweza kungoja. Viwango vyake hupangwa na kamati ya kimataifa, huko mbali. Mradi wetu ulitaka kamati ipate na vipimo vya kwetu, si vya miji yenye mtandao mnono tu.

Kazi yangu ilikuwa kukaa na mkazi, ofisini wampigie simu ya majaribio na kumsomea sentensi, kisha yeye atoe alama: moja ni mbaya, tano ni safi. Buguruni niliwapima wafanyabiashara sokoni. Walikuwa na haraka, wakanipa moja, mbili, na matusi ya bure. Halafu nikahamishiwa Chamazi, upande wa Temeke, kupima majumbani. Huko nilipewa chai na mihogo, na kila mtu alinipa tano. Bi Somoe, mama wa watu kutoka Masasi, alisikia sauti inayokwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Akasema, "Tano, mwanangu. Andika."

Nikazipeleka fomu Kawe kifua mbele. Mtafiti Mkuu, msomi mpole wa kutoka bara, akavua miwani.

"Nikizipeleka hizi, kamati itaandika Temeke hakuna tatizo. Nisipozipeleka, itaandika bila Temeke. Wewe unataka lipi?"

"Sitaki hata moja, Daktari."

"Basi nakupa mpaka Ijumaa. Usiniletee tena tano za heshima."

Msimamizi akadakia, "Na tai hiyo ivue. Wanadhani umetoka wizarani."

Nikarudi kwa Bi Somoe, shingo wazi.

"Bi Somoe, ile simu ilikuwa nzuri kweli?"

"Mbaya mno!"

"Sasa tano ya nini?"

"Mgeni umekaa kwenye mkeka wangu, nikutie moja? Ukafukuzwe kazi kwa ajili yangu?" Akashusha pumzi. "Hata simu za mdogo wangu wa Masasi siku hizi sipokei. Ana kiburi. Naita haloo, kimya. Haniamkii."

Hapo nikaiunganisha simu yake na kompyuta yangu ya vipimo, nikamwomba ampigie palepale, nami nisikilize.

"Haloo!" Kimya. "Haloo! Salamu huna?"

Juu ya maneno hayo hayo ikaangukia sauti ya mdogo wake: "Shikamoo, dada." Kisha, baada ya kitambo: "Jamani dada, nimekuamkia unanifokea?"

"Umeniamkia saa ngapi?"

Nikamwonyesha kwenye kompyuta yangu: shikamoo ilitoka Masasi mapema, ila pakiti zake zilichelewa njiani. Kila mmoja alikuwa na adabu zake, mtandao ndio uliowagombanisha. Bi Somoe akaisogeza simu karibu.

"Marahaba, mdogo wangu. Na zile zote za nyuma, marahaba."

Nikaweka karatasi ya sentensi pembeni. Wiki ile sikumwomba mtu alama. Watu waliwapigia ndugu zao wakaamkiana, nami niliandika sekunde kati ya haloo na shikamoo, na kila mahali sauti zilipogongana. Ijumaa Mtafiti Mkuu alizisoma akiwa amesimama.

"Kumbe tulikuwa tunapima masikio tu," akasema, "mazungumzo tumeyasahau."

Kamati haikukubali kirahisi. Ilitaka tufanye vivyo hivyo Kawe na Buguruni, tukafanya. Ikauliza maswali mengine mwaka hadi mwaka, tukajibu. Mwishowe vipimo vya Temeke viliingia, pamoja na sentensi moja kwenye kiambatisho cha viwango: majaribio ya mazungumzo yaanze na salamu za kawaida za mahali husika, na ucheleweshaji upimwe kuanzia hapo.

Sasa nimestaafu, nakaa ndani bila kulipwa. Ninachokumbuka zaidi ni ile sebule, Msimamizi akisoma sentensi zilezile kutwa mpaka sauti inakauka, na sie tukimcheka kwa kujificha. Vijana, swali la mgeni hujibiwa kwa ukarimu. Kaeni kimya mpaka watu wawasahau, ndipo mpime.

Majuzi mke wangu alitaka kuona kazi iliyonichukua miaka yote ile. Nikamfungulia ukurasa wa kile kiambatisho.

"Jina lako liko wapi?"

"Halipo."

"Yaani sentensi hii moja tu?"

"Hiyo moja."

Akavuta kiti, akakaa.

"Haya, nisomee. Polepole."